Gari Lililooshwa Kabla ya Kulala

Gari likikataa kutoka mahali lilipolala, usilipige teke. Nimeona wanaume wazima wenye viatu vya kung'aa wakipiga tairi teke asubuhi kama wanaamsha ng'ombe, halafu wanarudi ndani wakichechemea. Gari halijakukataa wewe. Limeshikwa. Kazi yako ni kuuliza limeshikwa wapi, na nani alilishika.

Nawaandikia nyinyi mnaoshika spana sasa, pale gerejini kwangu na kwingineko. Mimi nimeziweka chini mapema kuliko nilivyopanga. Mgongo ndio ulisema basi, kichwa bado kinataka. Na niseme wazi, maana usipojisifu mwenyewe utamngoja jirani akusifu, na jirani ana shughuli zake: kuanzia mjini Kakamega mpaka Lumakanda, hakuna mtu aliyefungua breki zilizoshikana kunishinda. Shule niliachia darasa la sita. Lakini nyumba yangu ni ya mawe, ina stima na tangi la maji, na kila jiwe lake limetoka kwa klachi ya mtu au breki ya mtu. Watoto wangu wamesoma mpaka wakachoka wenyewe. Kwa hivyo nikianza kuongea habari za breki, vuta kiti.

Hapa kwetu mvua haiji kama mgeni. Inaishi hapa. Asubuhi jua, alasiri mvua, usiku umande, na kesho tena hivyo hivyo. Sasa fikiria dramu ya breki. Ni kama sufuria ya chuma iliyoinamishwa nyuma ya tairi. Ndani yake mna shuu, vile vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Ukikanyaga breki au ukivuta hendibreki, shuu zinajitanua na kuikumbatia dramu kutoka ndani. Gari zima unaweza kulipaka rangi, lakini mahali pale shuu inapogusana na dramu hakuna rangi. Ni chuma kitupu. Chuma kitupu, maji, na muda. Hayo matatu yakilala pamoja, asubuhi utakuta yamezaa.

Kutu nayo ina umri, na fundi anayejua kazi anausoma kwa macho. Kutu ya jana ni ya rangi ya chungwa, laini, ukipitisha kidole inabaki kidoleni kama unga wa manjano. Hiyo usiiogope. Washa gari, nenda polepole, kanyaga breki kidogo kidogo, itakwaruza kisha itanyamaza. Wateja wengi walikuwa wanakujanga kwangu asubuhi wametoa macho, eti breki zinalia. Namwambia mtu, "Mzee, rudi kazini, breki inapiga mswaki." Anacheka, anaondoka, na kesho ananiletea rafiki yake mwenye shida ya kweli. Hivyo ndivyo jina linajengwa. Kutu ya wiki chache ni ya kahawia. Lakini ile ya miezi inakuwa nyeusi, na ina magamba kama ya samaki. Hiyo haikwaruzi. Hiyo inashona shuu na dramu kuwa kitu kimoja.

Aliyenifundisha kusoma kutu ni Fundi Lubanga, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Gereji yake ilikuwa mabati matatu nyuma ya soko. Gari lililoshikana likiletwa, wengine wote wanakimbilia nyundo. Yeye anaagiza chai. Anaketi kwa ndoo iliyopinduliwa, anakunywa, anaangalia.

"Fundi," mteja anamwambia, "nimekuja hapa nikuone ukinywa chai?"

"Mimi ndio nakunywa," anajibu. "Macho yangu yako kwa gari yako tangu saa ile umefika. Wewe umeiangalia lini?"

Alikuwa ananifunga macho kwa kitambaa, kweli kabisa, ananipa nyundo ndogo na kuniambia nigonge dramu pande zote. Mahali palipo huru panalia ng'eee, kama kengele ya shule. Mahali paliposhikana panasema tup, kama umegonga gunia la mahindi. "Haya, ugonjwa uko wapi?" Nikikosea, ananirudisha mwanzo. Nikipata, ananirudisha mwanzo pia, eti nisizoee kupata kwa bahati. Nilimchukia sana. Leo naweza kupita kando ya gari nikiligonga kwa ufunguo na kukuambia shuu gani imeshikana. Nyinyi mna simu na zile kompyuta za kuchomeka kwa gari zinawaambia ugonjwa, na ni sawa, ningekuwa na miaka yenu ningekuwa nayo ya kwanza mjini. Siku hizi kuna magari hendibreki ni kidude tu unabonyeza. Lakini kutu haijasoma hizo habari. Kutu bado inafanya kazi ya zamani.

Jambo moja Lubanga alinifundisha bila kutaka. Alikuwa akifungua dramu, anapuliza lile vumbi kwa mdomo, fuuu, miaka yote. Mwisho wake kikohozi kilimkalia kifuani hakikutoka. Usipulize. Lowesha kitambaa, futa, kitupe. Ukinipuuza katika mambo yote, katika hili nisikie.

Na mafuta je? Kijana mmoja ataniuliza, si tumwagie mafuta tu kutu ilegee? Kulikuwa na dereva wa teksi hapa mjini, jina lake tuliweke kando kwa sababu bado ananiuzia maziwa. Gari lake lililala mvuani, likashika. Akachukua oili chafu ya injini, akamwagia kwa tundu la nyuma ya dramu mpaka ikafurika. Na kweli, gari likaachilia! Alizunguka mji akinitaja jina langu, eti mafundi ni wezi, yeye amejitengenezea na kopo la oili. Alasiri hiyo akashika mteremko wa kwenda mtoni. Akakanyaga breki. Ilikuwa kama kukanyaga uji. Shuu zimelewa oili, zinateleza tu kwa dramu. Tulimkuta ndani ya shamba la nyasi za ng'ombe, yeye mzima, gari zima, na ng'ombe mwenyewe akiendelea kula kando ya bampa.

"Sasa," nikamwambia, "hapo imeachilia vizuri?"

"Fundi, usiongee," akasema. "Vuta tu."

Nikavuta. Mafuta ya kulegeza unaweka kwa waya wa hendibreki na kwa nati za nje. Ndani ya dramu hayaingii hata tone. Hilo lichoreni mahali.

Lakini sababu ya kuandika haya si teksi. Ni pikapu ya Shianda, ambayo watu wengi wanaisimulia vibaya, na wengine wananitoa kabisa kwa hadithi kana kwamba ilijifungua yenyewe.

Siku moja mama mmoja alisimama mlangoni pa gereji na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Mulembe, fundi."

"Mulembe, mama. Karibu."

"Nimeambiwa wewe ndiye wa breki."

"Umeambiwa ukweli."

Alikuwa anaitwa Mama Nafula. Mume wake, Shiundu, alikuwa na pikapu ya kubeba mizigo ya akina mama wa soko la Shianda kuileta Kakamega: ndizi, viazi vitamu, ingokho, yaani kuku, kwenye matundu. Shiundu mwenyewe alimfunza mkewe kuendesha, kwenye zile barabara za miwa, siku ambazo trela za miwa hazipiti. Mama akapata leseni, wakawa wanapokezana. Halafu Shiundu akaugua, akafa.

"Pikapu hiyo ndiyo ilimleta nyumbani kutoka mochari," akasema. "Kwetu, kitu kikibeba maiti, kinaoshwa kabla kilale bomani. Wakaiosha. Ikawekwa nyuma ya jikoni, na haikuguswa mpaka tunyolewe nywele za msiba. Baada ya kunyolewa wakasema tungoje ndugu wote wafike. Mvua ikaingia. Sasa haitoki."

"Mlijaribu kuisukuma?"

"Waliita trakta, fundi. Trakta ikavuta. Tairi za nyuma hazikuzunguka hata kidogo. Tangu siku hiyo shemeji yangu anasema ni Shiundu ameishika, hataki itoke. Jumamosi familia inakaa kikao. Jamaa wa skrapu, yule wa kununua vyuma vikuukuu, anakuja na lori. Ikiwa haijatembea, inaenda." Akafunga ule mwavuli wake taratibu. "Bila hiyo gari, mimi nitarudi kubeba ndizi na kichwa. Na wale mama wenzangu mizigo yao inaoza kwa yule mtu mwingine mwenye gari, anaibeba akitaka."

Mimi nilikuwa nimeshasikia neno nililotaka. Wameiosha. Nikamwuliza ilioshwa namna gani. Akasema kabisa kabisa, chini, juu, ndani ya tairi, vijana walileta maji ya kisima kwa mitungi mpaka ardhi ikawa matope. Na saa ngapi ikaegeshwa? Hapo hapo, bado inatiririka.

Vijana, mngesikia hivyo mngefanya nini? Mimi niliagiza chai.

Jumamosi nilifika Shianda mapema na jeki yangu, betri yenye chaji, na sanduku la spana. Wazee wa familia walikuwa wamekaa chini ya turubai. Mkubwa wao alikuwa Makokha, kaka ya marehemu, mtu mrefu, mpole, macho yake yamechoka. Jamaa wa skrapu alikuwa amekaa kwa ngazi ya lori lake akitafuna muwa.

"Karibu, fundi," Makokha akasema. "Lakini hii gari, nakuomba, usiisumbue. Ndugu yangu ameishika. Sisi tumeona na macho."

Akanipeleka nyuma ya jikoni. Na kweli, nikaona. Mahali trakta ilipovuta, tairi za nyuma zilikuwa zimechimba mifereji miwili kwenye nyasi, imenyooka, mtu angeweza kupanda maharagwe. Ukiwa umempoteza ndugu, ukaona gari lake likiburutwa hivyo na miguu haigeuki, utafikiri nini kingine?

Kuna mafundi wangecheka hapo. Na wangefukuzwa hapo hapo. Fundi haendi kwa boma la watu kushindana na msiba wao. Nikavua kofia, nikauliza, "Nani hapa anaweza kuniombea ruhusa kwa mwenyewe?"

Wakatazamana. Akainuka Senge Rael, shangazi yao, mama mzee mwenye sweta ya kijani. Akaenda mpaka kwa boneti, akaigonga kwa kiganja kama anagonga mlango.

"Shiundu, mwana wangu," akasema. "Huyu fundi ni mgeni. Mwache afanye kazi yake. Kama una neno, niambie mimi, si yeye." Akasikiliza kidogo. Akanigeukia. "Hajasema kitu. Anza."

"Na asipoweza?" jamaa wa skrapu akauliza na muwa mdomoni.

"Asipoweza utabeba," Makokha akasema.

"Mimi sina haraka, mzee. Chuma ni changu, leo ama mwaka ujao."

"Kijana," nikamwambia, "endelea na muwa. Unaongea vizuri zaidi ukiwa umefunga mdomo."

Nikaanza kama nilivyofundishwa. Kwanza unazuia tairi za mbele, maana ukifungua nyuma kwenye mteremko bila kuzuia mbele, gari litakupita juu. Nikatafuta mawe. Nikaona mawili, meusi, mazuri, yamelainika upande mmoja, yamelala kando ya ukuta wa jikoni kama yamewekwa na mtu.

"Hayo ni ya Shiundu," Mama Nafula akasema. "Hakuwanga anavuta hendibreki hapa nyumbani. Alikuwa anaweka hayo mawe tu, mbele ya tairi, mvua inyeshe isinyeshe."

Nikayaweka mbele ya tairi. Basi Shiundu alikuwa mtu wangu, na sikuwahi kumjua.

Breki za mbele zilikuwa na kutu ya kahawia tu, hazikushikana. Nikaenda nyuma. Nikashusha mkono wa hendibreki. Ukashuka wote, laini, lakini chini ya gari waya ulibaki umekaza. Hiyo inakuambia mambo mawili: waya umelala na kutu ndani ya ganda lake, na shuu zimeshikana na dramu. Nikalegeza nati ya waya. Nikapanga jeki, nikatoa tairi. Nikamwita Makokha.

"Mzee, shika hiki kipande cha mbao hapa. Mimi nitagonga juu yake. Usikiachilie."

Nilimwita makusudi. Mtu anayeogopa kitu, mpe kazi kando ya kitu hicho. Akapiga goti kwenye nyasi, suruali nzuri ya kikao, akashika mbao. Nikagonga. Tup. Tup. Upande mzima unasema gunia. Unagonga uso wa dramu, karibu na katikati, ukizunguka; ukigonga ukingo utaupasua na hutaweza kuunganisha tena. Nyuma kuna katundu kadogo, unaingiza bisibisi bapa unarudisha kile kigurudumu cha kurekebisha shuu, meno machache, ili shuu zijikunje. Kiligoma, nikakibembeleza, kikasogea. Halafu usoni mwa dramu kuna matundu mawili yenye nyuzi za bolti, ambayo vijana wengi wanafikiri ni ya mapambo. Unaingiza bolti mbili zinazoisukuma dramu itoke, unakaza hii kidogo, unakaza ile kidogo, hii kidogo, ile kidogo. Ukikaza upande mmoja kwa hasira dramu itainama na kubana zaidi.

Tukiwa hapo chini, mimi na yeye tu, nikamwuliza polepole, "Mzee, siku hiyo ya kuiosha, nani aliegesha?"

"Mimi."

"Ulivuta hendibreki?"

"Sana. Hapa ni mteremko. Nilivuta na mikono miwili." Akaikaza ile mbao. "Nilikuwa nalia, fundi. Sikutaka iondoke. Nilisema gari ya ndugu yangu isije ikabiringika mpaka kwa kaburi lake."

Nikaendelea kukaza. Hii kidogo, ile kidogo.

"Ukavuta vizuri," nikasema. "Imeshika mpaka leo. Ni wewe uliishika, si yeye. Ilikuwa na maji ndani, shuu zimeikumbatia dramu, kutu ikazishonea hapo. Yeye angeweka mawe."

Aliangalia yale mawe mawili kwa muda mrefu, na mimi nikajifanya natafuta spana.

Kwaa! Ya kushoto ikaachilia. Watu wa turubai wote walisimama. Jamaa wa skrapu akaacha kutafuna.

Ya kulia ikakataa kabisa. Upande huo ndio maji ya paa la jikoni yalikuwa yakidondokea, na kutu yake ilikuwa nyeusi, ya magamba. Nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi. Bolti zikafika mahali ambapo nikikaza tena zitakatika. Mawingu nayo yalikuwa yamesimama upande wa msitu. Nikasikia mmoja wa wazee akisema, "Nusu ametoa, nusu amebaki nayo," na wengine wakaguna. Nikaona Mama Nafula amesimama mlangoni pa jikoni, mikono ndani ya leso. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu, kama mtu anayesoma saa.

"Mama," nikamwita, "kuna maji kwa moto?"

"Ya obusuma. Yamechemka."

"Ugali ungoje. Lete."

Akaja na sufuria, ikifuka mvuke. Nikamwambia amwage mwenyewe, polepole, kuzunguka dramu yote. Wengine wanawasha moto chini ya breki. Usifanye hivyo, utayeyusha mipira ya ndani, na mafuta ya breki yataharibika, na ukiwa na bahati mbaya utachoma boma la watu. Maji ya moto yanatosha. Chuma kikipata joto kinajitanua, kidogo tu, kama mtu anavyovuta pumzi. Shuu zilizo ndani bado ni baridi. Hapo katikati, kwa hiyo pumzi moja, ndipo kutu inapokatika. Mama anamwaga, Makokha ameshika mbao, mimi nagonga. Tup. Tup. Halafu, mahali pamoja, upande wa juu, ng'eee.

"Umesikia?" nikamwambia Makokha.

"Nimesikia nini?"

"Kengele. Mama, mwaga hapo hapo!"

Kwaaa! Dramu iliruka kutoka kwa bolti ikaangukia nyasi, ikazunguka kidogo, ikalala. Senge Rael akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Mumias.

Sitawachosha na yaliyobaki. Nilifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikasugua dramu kwa msasa mpaka ikang'aa, nikaangalia kile kisilinda kidogo kinachosukuma shuu kama kinavuja, hakikuvuja, nikasugua shuu, nikakausha kila kitu, nikarudisha. Mafuta nikaweka kwa waya peke yake. Kisha betri. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

"Nani ataendesha?" mzee mmoja akauliza, na akamwangalia kijana wake.

"Mwenye leseni," Makokha akasema. Akamfungulia Mama Nafula mlango.

Nilimwambia mama kwa dirisha: nenda taratibu, na kabla ya kufika lango kanyaga breki, simama kabisa, kisha achilia, sikiliza kama inaachilia. Breki iliyotoka kulala lazima ujue inashika na inaachia, na ujue ukiwa bado nyumbani.

Nikaondoa yale mawe, akaweka giya. Pikapu ikatoka kwenye ile mifereji yake, ikapita jikoni, ikapita turubai. Tairi za nyuma zinazunguka, zinazunguka, watu wanaziangalia kama hawajawahi kuona tairi. Ikafika karibu na lango.

Ikasimama.

Senge Rael akaweka mkono mdomoni. Mtu akanong'ona, "Ameishika tena." Makokha akakimbia, na umri wake wote, mpaka kwa dirisha.

"Imeshika?"

"Ni mimi nimeshika, shemeji!" Mama Nafula akapaza sauti boma lote lisikie. "Fundi amesema nijaribu. Sasa naachilia."

Akaachilia. Pikapu ikateremka yenyewe, polepole, ikatoka langoni, ikakunja kona ya kwenda sokoni, mama akipiga honi. Jamaa wa skrapu akapanda lori lake akasema, "Haya, fundi, umeninyima." Nikamwambia ang'oe muwa mwingine wa njiani.

Nilipokuwa nikifunga sanduku, mvua ikaanza kudondoka. Nikamwona Makokha anatembea kuelekea langoni, ile suruali ya kikao ina matope magotini. Alikuwa amebeba yale mawe mawili ya ndugu yake, moja kila mkono.

"Unayapeleka wapi, mzee?"

"Hapa karibu na lango, mahali pakavu, chini ya paa la zizi," akasema. "Shemeji akirudi ataegesha hapa. Nitamwekea mimi."

Na mpaka leo, nikimwona Mama Nafula mjini na ndizi zake na akina mama wamejaa nyuma, ananipigia honi na kuniuliza kwa dirisha kama mgongo umeachilia. Namwambia bado, haujapata maji ya moto. Kazi ya pikapu ile ni yangu mimi, na yeyote atakayewaambia pikapu ya Shianda ilijifungua yenyewe, mleteni kwangu.

Nyinyi mtafungua breki nyingi kuliko hizo. Mna mikono, mna masikio, na mvua ya Kakamega haitawanyima kazi. Lakini jioni hii, kabla hujafunga mlango wa gari, ukisikia harufu ya mvua upande wa msitu, tembea kidogo ukikanyaga breki mpaka zikauke, tia giya, acha mkono wa hendibreki chini. Halafu tafuta mawe yako.